Nafasi ya Doto Tuliichukua Sisi Wenye Ng'ombe

Admin, nifichie jina langu na la kijiji. Sema tu ni upande wa Kasoli, inatosha, maana huku watu wana simu na midomo. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka mitatu. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umevunjika. Lakini msinionee huruma mapema, kwanza sikieni nilichofanya.

Mume wangu ana ng'ombe zaidi ya mia, wachungaji wake wamewapeleka mbali kutafuta malisho. Bariadi mjini ana vyumba vya kupangisha. Ila nyumba tunayolala ni ya nyasi, kwa sababu yeye haoni faida ya bati, faida anaiona kwenye mifugo. Jirani yetu, mama Doto, hana hata kuku. Aliachwa na mume akarudi kwenye nyumba ya bati aliyoachiwa na marehemu baba yake, na anaishi kwa vibarua vya kuchuma pamba, hata kwenye shamba letu.

Mwaka jana serikali ilituletea kituo cha kulea watoto mchana. Mama unakwenda shambani, mtoto anakunywa uji na kulala chini ya macho ya mlezi. Nafasi zilikuwa chache, za kaya maskini, na majina yalipitishwa kwenye mkutano wa hadhara. Kwanza waliangalia paa. Ukiwa na nyasi wewe ni maskini, ukiwa na bati una uwezo, kwa hiyo mama Doto alikatwa palepale, akaambiwa asubiri kama itabaki nafasi. Likaja jina la mume wangu. Mwenyekiti akauliza kama kaya hii ina mifugo, watu wote wakatazama chini, maana nusu ya kijiji inalimia maksai wake na atakayemsema msimu ujao atalima kwa jembe la mkono. Basi akaniuliza mimi, mama wa mtoto. Nikasimama nikasema hatuna hata ndama.

Kabla ya siku ile nilimwuliza mume wangu kwa nini tuchukue kitu tunachoweza kukilipia wenyewe. Akanijibu kwamba ushuru wa mnadani analipa yeye na wa pamba analipa yeye, kwa hiyo serikali ni yake kuliko ya wasiolipa chochote, na mtoto wake si nusu mtoto. Nikaona ana hoja. Na niseme ukweli, nilikuwa nimechoka kuchuma pamba na mtoto mgongoni, nikafurahi.

Msimu wa kuchuma ulipofika, mama Doto alimfungia mwanawe ndani, akafunga mlango kwa kamba kwa nje, akaja kuchuma shambani kwetu. Tulisikia mtoto analia, tukadhani ni kilio cha kawaida. Kilipobadilika tukakimbia. Mimi ndiye niliyekata ile kamba kwa panga. Doto alikuwa ameangukia mafiga, makaa yamemganda mkononi, na harufu ile mpaka leo haijanitoka puani. Mkono umepona, lakini vidole vimeshikana havifunguki.

Wiki chache baadaye nilimkuta mama Doto kwenye pampu ya maji. Nikamsalimia, "Mwangaluka, mayu." Aliinua ndoo akanipiga nayo usoni, nikaanguka, akanikalia kifuani akanipiga ngumi mpaka akaishiwa nguvu mwenyewe. Sikumrudishia hata moja. Mume wangu akatokea na fimbo ya kuchungia, akaanza kumchapa mgongoni bila kuhesabu, khanga ikalowa damu, na wanaume waliokuwepo wakasimama tu wanaangalia. Hapo nikashindwa kunyamaza.

"Mwache," nikasema mbele ya wote. "Mimi ndiye niliyedanganya, na wewe ndiye uliyenituma."

Mume wangu akaishusha fimbo, tukarudi nyumbani. Akachukua mpini wa jembe. Nilijikinga, mkono ukavunjika nikausikia, meno mawili yakatoka. Alipogeuka kunywa maji, kana kwamba amemaliza kazi, nikashika mchi wa kinu kwa mkono uliobaki, nikampiga begani. Akapiga magoti. Nikampiga tena. Nilisikia raha, siwafichi, na raha ile inanitisha kuliko kipigo chake. Nilikuwa nimeuinua mara ya tatu, nalenga kichwa, binti yangu akalia mlangoni. Alikuwa amevaa sare ya kituo. Nikautupa mchi.

Sasa majina yanapitiwa upya Alhamisi, na mwenyekiti ameshasema ataniuliza mimi tena. Mama yangu mzazi ananiambia nikae kimya, eti serikali haibagui watoto, wa tajiri na wa maskini wote wanakunywa uji. Baba anasema nisifikirie kurudi, ng'ombe wa mahari yangu kaka yangu ameshaolea. Mume wangu yeye hakupaza hata sauti. Alikuwa anafunga kitambaa begani, akasema, "Ukisimama, hutarudi kukaa." Namfahamu, hasemi asichokifanya.

Kila asubuhi binti yangu anapita mbele ya nyumba ya bati akienda kituoni, na Doto anampungia ule mkono. Jana ameniuliza kwa nini Doto haji. Nimemwambia nyamaza, tembea.

Ndugu zangu, mnaosoma mko wengi na hamnijui, hivyo semeni bila kunionea aibu: Alhamisi nisimame, au nikae? Na mtakaosema nisimame, niambieni na hili moja. Kituoni ndiko mume wangu atakakokwenda kwanza kumchukua binti yangu, na jirani pekee ninayemwamini ni mama Doto. Siku hiyo mwanangu nimwache kwa nani?