Vidole Vyangu, Vidonge vya Daktari na Maji ya Moto ya Mugara

Nilisafiri kwenda Rumonge kwa sababu ya vidole vyangu. Nyinyi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, mnanijua: mimi ni Mwajuma, fundi cherehani, na mwaka ule wa Uhuru nilishona bendera na sare za watoto wa shule mpaka nikawa naota mishono. Mwaka uliofuata vidole vikaanza kuvimba. Asubuhi sikuweza kufunga kitufe cha gauni langu mwenyewe, na magoti yalilia kila nikiinuka kwenye mkeka. Nilijua ni nini. Mama yangu alianza hivyo hivyo, na miaka yake ya mwisho alilishwa uji kwa kijiko, maana mikono ilikuwa imejifunga kabisa.

Daktari wa dispensari, Mbelgiji aliyejifunza Kiswahili chake Kongo, aliniminya kiungo kimoja kimoja.

"Ni baridi yabisi," akasema. "Ile mubaya, inakula viungo."

Alinieleza kwamba aspirini ingetuliza maumivu tu. Lakini walikuwapo madaktari waliofikiri kuwa ugonjwa huu unaletwa na vijidudu vilivyojificha mwilini, nao walikuwa wanajaribu kuutibu kwa antibiotiki, miezi mingi mfululizo. "Wengine wanawacheka," akasema. "Mimi sijui. Unataka tujaribu?"

Nilitaka. Akanipa aspirini na vidonge vya tetrasiklini, na kunikataza kuvimeza pamoja na maziwa, kwa kuwa maziwa huvizuia kufanya kazi. Wiki zikapita. Tumbo likawa linachafuka, na vidole viko vile vile. Ndipo Asha, dada wa mume wangu, mwanamke asiyejua kuugua wala kunyamaza, akanijia na shauri lake.

"Wifi, twende Rumonge kwa mama yangu mudogo. Anatibu na miti, tena iko maji ya moto inatoka mu udongo. Utarudi unacheza ngoma!"

Mume wangu akakubali. Daktari naye sikumficha. Alikuna kidevu, akasema, "Nenda. Maji ya moto hayana ubaya. Lakini wakikupa kitu cha kunywa, uliza ni nini, na usiache vidonge bila kuniambia."

Tuliondoka asubuhi na kamyo, lori lililokuwa linakwenda kuchukua mafuta ya mawese. Nyuma ilibeba mapipa matupu, na kila shimo la barabara lilipokuja, mapipa yote yaligongana kwa pamoja. Asha alikaa huko nyuma akiimba nyimbo za harusi kwa sauti ya kuyashinda. Mimi nilikaa mbele na dereva, magoti nimeyafunika kanga. Kulia ziwa, kushoto milima, katikati vumbi letu. Nilikuwa sijatoka mjini tangu viungo vianze kuniuma, na nilijikuta natabasamu peke yangu kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Muhuta tulisimama ili injini ipoe. Kando ya maji wanawake walikuwa wakianika ndagala, vile vidagaa vya ziwani, mchangani, na Asha, kabla hata ya kumaliza salamu ya "amahoro", alikuwa ameshawatangazia ugonjwa wangu wote. Basi kila mtu akawa na dawa. Mmoja alisema nipakwe mafuta ya chatu. Mwingine akasema niumwe na nyuki kwenye vifundo, tena nyuki wakali. Bwana mmoja alinionyesha bangili yake ya shaba na kuapa kwamba ndiyo kinga.

"Na wewe ulikuwa unaumwa?" nikamwuliza.

"Hapana. Mimi sijaumwa hata siku moja. Si unaona inafanya kazi?"

Tulicheka wote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Ila nilipowauliza wengine mmoja mmoja nani amepona, kila mmoja alimjua mtu aliyemjua mtu. Hakuna aliyenionyesha mkono wake.

Rumonge tulifika alasiri. Mama mdogo wa Asha anaitwa Mama Feza. Babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, kabla Wabelgiji hawajafika huku. Ni mwanamke mnene, mwenye mikono mipana na sauti ya kuita mitumbwi. Alitukaribisha kwa bugali na samaki wa mukeke wa kuchoma, kisha akapasha mawese moto kwenye chungu, akanishika viganja.

"Mutoto yangu, mikono hii imekasirika," akasema. "Tutaibembeleza."

Alinikanda mpaka jasho likamtoka yeye. Usiku huo nililala bila kugeuka.

Kesho yake tulikwenda Mugara, mimi nikiwa nimepakiwa kwenye baiskeli iliyokokotwa na Asha na Mama Feza kwa zamu. Maji yanatoka ardhini yakiwa na moto wake, na watu walikuwa wamekaa ndani mpaka shingoni, wakipiga soga kama wako barazani. Niliingia kwa woga. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Baadaye kidogo nilihisi viungo vinalegea, kimoja baada ya kingine. Nilipotoka nilimwomba Asha sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye kitambaa chake, nikatia uzi tunduni kwa mikono yangu miwili. Miezi mingapi sikuwa nimefanya hivyo! Asha alipiga vigelegele, na watu waliokuwa majini wakaitikia bila kujua ni kwa sababu gani.

Jirani yangu pale majini alikuwa mvuvi wa Kabonga aitwaye Mzee Saidi, mgonjwa wa magoti. Nilimwuliza swali langu la Muhuta: je, umepona?

"Kupona? Hapana," akasema kwa furaha tele. "Ninakuja hapa, ninapata raha. Ninarudi nyumbani, siku chache maumivu inarudi. Ndiyo ninakuja tena."

Sikupenda jibu lake. Nilitaka kubaki na sindano yangu na vigelegele vyangu. Lakini asubuhi iliyofuata vidole vilikuwa vimekaza kama kawaida, nikalia nikiwa bado nimejifunika shuka.

Mama Feza aliona macho yangu. Alikwenda msitu wa Kigwena kutafuta magome ya mti anaoutegemea, na aliporudi aliyachemsha kutwa, kisha akachanganya na maziwa mabichi. Akaniletea kibuyu.

"Hii sasa ndiyo dawa yenyewe. Lakini uache ile vidonge ya muganga wa muzungu. Dawa yangu haitaki kuchanganywa."

Nilikishika kibuyu kile kwa muda mrefu. Nilimwona mama yangu na kijiko cha uji. Vidonge havijanisaidia, nikafikiri, na huyu mama amenilaza usingizi. Halafu nikamkumbuka daktari akikataza maziwa na kuniambia nisiache vidonge. Sikuweza kunywa wala kukataa.

"Mbona unakitazama kama kina nyoka?" Asha akasema. "Lete, nitaonja mimi kwanza."

Hakuonja. Alikigida chote, akajifuta midomo, akasifu. Haukupita muda mrefu akainuka ghafla, akashika kanga yake, akatoka mbio kuelekea migombani. Alishinda huko karibu siku nzima. Tulimsikia akiwaita mababu zake kwa majina. Mama Feza alimpelekea maji ya chumvi na sukari, huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Hali yake ilipotulia, nilikaa na Mama Feza jikoni. "Mama," nikasema, "niambie kweli kama ungemwambia binti yako. Dawa hii imemponya nani ugonjwa kama wangu?"

Alisukuma kuni, kisha akasema, "Wenye maumivu ya kuchoka, wanapona. Wenye vidole kama vyako... ninawalainisha tu. Kuponya, sijaona. Nilisema uache vidonge kwa sababu niliogopa ukipata nafuu, watasema ni dawa ya muganga, si yangu."

Nilimshika mkono. Tangu nitoke Bujumbura, hilo ndilo neno lililonipa nguvu kuliko yote. Nikamwambia nitabaki na mikono yake na maji ya moto, nitaendelea na vidonge, na kibuyu amwachie Asha. Asha, akiwa amelala kwenye mkeka, alitukana kwa sauti dhaifu, tukajua amepona.

Siku ya kurudi kamyo ilikuwa nzito kwa mawese, na mapipa safari hii yalikaa kimya. Mama Feza alinipa chupa ya mafuta na kunionyesha tena jinsi ya kukanda, kutoka kwenye kifundo kwenda kwenye ncha, polepole. "Murakoze, Mama," nikamshukuru. Akajibu, "Urudi kiangazi."

Dispensari nilimsimulia daktari kila kitu, pamoja na habari za migombani. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanishauri nimeze vidonge baada ya chakula kisicho na maziwa, nikande mikono kila asubuhi kwenye maji ya moto, na aspirini niendelee nayo.

Miezi ilipita kabla uvimbe haujapungua. Ulipopungua nilimwuliza ni dawa gani iliyofanya kazi. "Labda vidonge," akasema. "Labda ugonjwa umepumzika wenyewe, hufanya hivyo. Singeapa." Sikukasirika. Nilikuwa nimejifunza safarini kumwamini mtu anayenionyesha dawa yake inaishia wapi, awe ana koti jeupe au mikono yenye mawese, na kumwogopa yule ambaye dawa yake haina mwisho.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunyooka tena. Vingine vinafanya kazi, na uji nakunywa mwenyewe. Hata vile viwili si hasara tupu: vimepinda sawasawa na upindo wa gauni, na nikishona huushika imara kuliko vilipokuwa vizima. Wasichana wanaojifunza kwangu hujaribu kukunja vyao wafanye vivyo hivyo, wakashindwa.