Kamera Iliyopakwa Poda

Watu wakisikia kwamba kamera niliyoiandaa kwenda jangwani iliharibikia nyumbani kwetu Misungwi, wanacheka kwanza, halafu ndiyo wananipa pole. Hiyo pole siitaki. Mtu acheke amalize zake, lakini asinigeukie na pole wakati meno bado yako nje. Mimi siku ile sikucheka, na mpaka leo sijaona cha kuchekesha.

Kazi yenyewe nilikuwa nimeililia tangu nianze kupiga picha. Nina chumba cha picha Mirongo, hapa Mwanza, ghorofani, juu ya duka la viatu. Ninapiga paspoti, kwaya, maharusi, na watoto wa kipaimara wanaolia kwa sababu viatu vinawabana. Ni kazi ya kula, siidharau. Halafu mama mmoja wa Nairobi, mtengenezaji wa filamu, akaona mahali picha zangu za wanawake wanaoanika dagaa ufukweni, akanipigia simu. Alikuwa anakwenda jangwani, kaskazini mwa Kenya, kufuata wafugaji wa ngamia, na alitaka mpiga picha wa pili ambaye ni mwanamke, kwa sababu akina mama wa kule hawakutaka mwanaume aingie kwenye vibanda vyao na kamera. Sharti lake lilikuwa moja tu: uje na kamera yako, nzima, maana kule hakuna duka wala mtu wa kukuazima.

Nikamwambia nakuja. Kamera ninayo moja, na ndiyo hiyo nilianza kuitunza kuliko ninavyojitunza mwenyewe.

Nilimuuliza kila mtu aliyewahi kupiga picha penye vumbi. Waliniambia mchanga wa jangwani ni mwembamba kama unga, unapita hata kwenye zipu, unaingia kwenye shingo ya lenzi, na ukiizungusha lenzi unausikia unasaga. Joto nalo linavimbisha betri, na kamera inajizima yenyewe mbele ya kitu ulichokisubiri siku nzima. Kubadilisha lenzi kwenye upepo ni mwiko: ingia ndani, funga mlango, tulia vumbi lishuke, inamisha kamera uso chini, na fanya haraka. Kupuliza kwa mdomo ni mwiko, mdomo una mate. Kufuta kwa nguo ni mwiko kabisa, kwa sababu punje moja ikinasa kwenye nguo, hiyo nguo imekuwa msasa.

Basi nikajikusanyia vitu. Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, brashi laini, kofia za plastiki za kuogea za kuifunika, utepe wa karatasi wa kuziba viungo, shuka jeupe la kukinga jua. Mchana wa jua kali nilipanda kwenye mawe nyuma ya nyumba, nikaiacha kamera juani ndani ya lile shuka, kisha nikawa naigusa kama mtu anayempima mtoto homa. Majirani wakanisimamia pale wakitikisa vichwa. Wapiga picha wenzangu wakanibandika jina, Mama Jangwa, kila nikipita wananiuliza ngamia nimemwegesha wapi. Haya bwana. Wao walikuwa wanabaki na maharusi yao.

Asiyenicheka alikuwa mama wa Kihindi mwenye duka la chini, ambaye familia yake inauza viatu pale tangu enzi za babu zake. Huyo alinikusanyia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu kunyonya unyevu. "Chukua, binti," alisema, "viatu vyangu havisafiri mbali." Nikavikausha kwenye kikaango kikavu, nikavipanga ndani ya begi.

Sasa tuje kwa shangazi. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea Misungwi baada ya mama kufariki. Nilipompigia kumwambia kuhusu safari alipiga kigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Kisha akasema, "Uje uage. Na uje nayo hiyo kamela inayokupeleka, tuione. Utupige picha wote, ukoo mzima." Nikamwambia shangazi, kamera nimeshaifunga, huko kwenu ni kiangazi, vumbi tupu. Akasema, "Kwa hiyo wageni wataiona, sisi hatutaiona?" Hebu niambie, hapo ungejibu nini? Nilikwenda nayo.

Kaka yangu alinifuata na gari la kuazima. Tulipoacha lami tu akashusha kioo. Nikamwambia funga. Akasema joto. Nikamwambia funga, vumbi linaingia. "Yaani tuive humu kwa sababu ya kamera? Mbona hata mtoto mchanga hatumfanyii hivyo?" Nikamwambia mtoto mchanga ukimwogesha anatakata, hii huiogeshi. Alipandisha kioo huku anasonya, akaendesha jasho likimtiririka, na kila baada ya muda ananikata jicho. Nilikaa nyuma nimeipakata, begi ndani ya begi, na sikujali mtu amenuna au hajanuna. Kesho kutwa yake nilikuwa napanda basi la Nairobi.

Nyumbani walikuwa wamejaa. Shangazi alikuwa amechinja, amefagia uwanja mpaka udongo unang'aa, amevaa gauni lake la kanisani. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita, tukala. Kisha wakajipanga kwa ajili ya picha: wazee kwenye viti, wake wa binamu nyuma, watoto chini, na kaka akaona ni lazima ng'ombe wawepo, akawaswaga waje nyuma ya watu. Ng'ombe wale wakaja na vumbi lao lote la njiani. Halafu nikaona lenzi niliyokuwa nayo haiwezi kuchukua ukoo wote pamoja na ng'ombe, ilikuwa lazima nibadilishe.

Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Kila kitu! Nikaingia chumbani kwa shangazi, nikafunga mlango, nikafunga dirisha. Nikanyunyiza maji sakafuni. Nikakaa kitandani nikasubiri mpaka kwenye ule mwanga wa upenyo wa dirisha nikawa sioni hata chembe inayoelea. Nikatandika taulo safi. Nikaizima kamera, nikaiinamisha, nikaitoa lenzi.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo, vigelegele juu. Shangazi mbele, wake wa binamu nyuma yake wanaimba, na shangazi mkononi ana kopo la poda.

Kwetu mtu akifanya vizuri anapakwa poda. Ukihitimu unapakwa, ukijifungua salama unapakwa, ukicheza ngoma ukawashinda wenzako unapakwa usoni, shingoni, kifuani, na wanaokupaka wanafurahi kuliko wewe. Kumbe picha ilikuwa kisingizio tu. Walikuwa wamepanga kunipongeza tangu asubuhi, na shangazi aliponiona naingia ndani peke yangu akajua hapo ndipo pa kunikamatia. Nilishtuka nikageuka, na mikononi kamera iko wazi, mdomo umetazama juu. Shangazi hakupaka, alimwaga. Alimwaga kichwani kwangu, ikashuka usoni, ikashuka mabegani, chumba chote kikawa cheupe.

Nilikaa vilevile, nimefumba macho. Nilipoyafumbua nikatazama chini. Ndani ya kamera kuna kioo kidogo kinachopokea picha, sisi tunakiita sensa, na hicho hata kwa kidole hukigusi. Kilikuwa kimefunikwa na poda kama chapati iliyonyunyiziwa unga.

"Ee!" shangazi akasema, anacheka. "Na kamela nayo imepongezwa!" Wote wakacheka. Kabla sijafungua mdomo akashika ncha ya kanga yake, akailowesha kwa ulimi, akaingiza kidole na kanga ndani ya mdomo wa kamera, akazungusha. Ndivyo alivyonifuta mimi pua miaka yote ile. Alizungusha kwa nguvu, kwa moyo wake wote, na ile kanga ilikuwa imetoka uwanjani na vumbi la ng'ombe. "Haya, ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu, "imetakata."

Nililipuka. Sikumbuki nilianza na neno gani, lakini nakumbuka nilipofikia. "Umeniua, shangazi! Umeniua! Ushamba gani huu jamani! Nani amekuambia ushike? Nani?" Shangazi akabaki amesimama na kopo lake, anatazama kamera, ananitazama mimi, haelewi. Kaka akaja mbio kutoka uwanjani, akanikemea, "We mtoto wewe, unamfokea shangazi kwa ajili ya kidude?" Nikamwambia hicho kidude ndiyo safari yangu, na safari imekwisha. Watu wanasema ningekaa kimya, ni mzazi. Sikukaa kimya. Hasira ile ilikuwa ya haki, na hata leo mtu akinigusa hapo nitaisema upya.

Nilitumia ile pampu ya mpira mpaka vidole vikafa ganzi. Poda ilitoka, mikwaruzo haikutoka. Nilipiga picha ya anga la Misungwi, tupu, bila wingu, nikaikuza: mistari imepita katikati, mirefu, iliyopinda kama ilivyozunguka ile kanga. Ukoo ulikuwa bado umejipanga pale nje, wazee kwenye viti, wananisubiri. Nilipita mbele yao na begi langu, nikaingia kwenye gari.

Kesho yake fundi mmoja mjini aliiangalia chini ya taa, akaniambia sensa imekwaruzika, hapa Mwanza hana cha kuifanya, ni kubadilishwa, na kifaa mpaka kiagizwe. Nikawazungukia wenzangu kuazima. Ulikuwa msimu wa harusi, kila kamera ina kazi, na mmoja akapata na nguvu ya kunitania, "Mama Jangwa, si umpige picha ngamia kwa simu?" Nilimjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jioni nikamtumia yule mama wa Nairobi ile picha ya anga. Sikutaka kumdanganya, nikafika kule nikamharibia kazi. Akanipigia palepale. Alikuwa na sauti nzuri, ya upole, na upole ule ulinichoma zaidi. "Pole sana, dadangu. Lakini gari linaondoka, siwezi kusubiri. Nitamchukua mwenzako wa huku." Nikasema sawa. Nikakata simu, nikaitupa kofia moja ya kuogea ukutani, na kofia ya plastiki haina hata uzito wa kukuridhisha ukiitupa. Nililia kwa hasira mpaka nikaumwa kichwa.

Wiki ile shangazi alimtuma kaka aniletee kuku. Kuku hai, amefungwa miguu, na ujumbe: amesema amekosa, hakujua kama kile kitu kina ndani. Nikamuuliza kaka, "Huyu kuku anapiga picha?" Kaka akasema yeye katumwa tu. Nikamchukua yule kuku, nikampika, nikamla, na hasira haikupungua hata kidogo. Simu za shangazi nilikuwa napokea, salamu tu, basi. Akiuliza kamela imepona, nasema bado. Tunaagana.

Nilikuwa nakodi kamera ya mwenzangu siku za kazi na kuirudisha jioni. Yangu ikabaki kabatini, na vile vipakiti vya viatu bado vimeizunguka, sijui vinaikinga na nini.

Halafu binti wa kaka akahitimu ualimu chuo cha Butimba. Ukoo wote ukaja kutoka Misungwi, na mimi nikaenda, mikono mitupu, kama mgeni mwingine yeyote. Binti alipotoka na joho lake poda ikaanza. Shangazi ndiye mwenye kopo, nani mwingine? Alimpaka mhitimu mpaka nyusi zikapotea, akampaka kaka kwa kusomesha, akampaka wifi kwa kuzaa, akashika mstari wetu mmoja mmoja, kila mtu na shingo yake, anacheka, gauni lake la kanisani limekuwa jeupe. Akamfikia mke wa binamu aliyesimama kushoto kwangu, akampaka. Aliponiona akasimama. Akaficha kopo nyuma ya mgongo, akarudi hatua nyuma, akapepea hewa kwa mkono wa pili ili hata chembe isinifikie. Akaniruka, akampaka wa kulia kwangu.

"Shangazi," nikamwita. "Na mimi?"

"Wewe mama nimekuacha," alisema, hanitazami. "Nisije nikaharibu tena."

Hasira ilinipanda upya, ileile. "Uharibu nini? Kamera iko wapi?" Nikamwonyesha mikono, viganja juu. "Sina kamera! Unaiona? Sina! Nipake na mimi, shangazi!" Ilitoka kwa kelele, watu wa familia nyingine wakageuka kutazama.

Shangazi aliiangalia mikono yangu. Kisha akakaza kifuniko cha kopo, akaniuliza kama nimeshakula.