Swali Nililotoka Nalo Darasani

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na wapiganaji wa msituni, nilikuwa nasomea ualimu katika chuo cha misheni huko Embu. Siku moja mwalimu wetu wa historia, mama wa Kizungu mwenye sauti ndogo, alitufundisha jinsi Wakristo wa Ulaya walivyochomana moto zamani kwa ajili ya viapo na madhehebu. Kwetu kiapo, kile cha kuwaunga mkono wapiganaji, hakikuwa neno la kitabuni. Kaka yangu alikuwa kizuizini kwa kukila. Mjomba wangu aliuawa kwa kukikataa.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, aliyechoma na aliyechomwa walimwomba Mungu yule yule?"

"Ndiyo."

"Sasa Mungu alikuwa upande wa nani?"

Alifunga kitabu. "Historia itakuonyesha kila mmoja aliogopa nini. Hilo lako utaliuliza ukiwa umepiga magoti. Uliza yote mawili."

Likizo ilipofika nilipewa pasi ya kusafiri, nikarudi kwetu, katika kijiji kilichozungushiwa handaki ambamo serikali ilikuwa imewakusanya watu kwa nguvu. Baba alikuwa mwinjilisti. Kanisani wake wa homugadi, wanakijiji waliopewa silaha na serikali, waliketi mbele. Wale ambao waume zao walikuwa msituni waliketi nyuma, na hakuna aliyewasalimu. Tukichambua njahi, yale maharagwe meusi, nilimsimulia Baba lile somo. Nilidhani atanikemea.

"Hao watu wa Ulaya," akauliza, "walipatanaje?"

"Polepole, Baba. Na si wote."

Jumapili hakupanda mimbarini. Alikwenda kuketi benchi la nyuma, akamgeukia mama mmoja. "Mama, wewe unaogopa nini?"

"Naogopa watoto wangu watakufa njaa humu ndani."

Akauliza swali lile lile kwa sauti, kwa wa mbele. Kisha mke wa homugadi mmoja akajibu bila kugeuka, "Mimi kila jua likitua naogopa."

Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Lakini wimbo ulipoanzishwa, tuliimba kwa sauti moja, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu kijiji kijengwe.

Kesho yake Baba aliitwa kwa chifu, akahojiwa kutwa nzima kwa nini aliketi na wake wa watu wa msituni, akapigwa marufuku kuhubiri. Mama alinilaumu: "Masomo yako ndiyo yametuletea haya."

"Mwache," Baba alisema. "Hilo swali lilikuwa kanisani kabla yeye hajaenda shule."

Alilima shamba hadi marufuku ilipoondolewa. Mimi nilirudi chuoni, na hatimaye nikaisomea historia chuo kikuu. Wapo walioniuliza kama haikunipunguzia imani. Imenipunguzia haraka ya kuhukumu, na maombi yangu yamekuwa marefu zaidi.