Vumbi Lililosimama

Kila nikinusa kibuyu kilichofukizwa moshi, narudi juu ya paa bapa la udongo la nyumba yetu ya tembe, bibi akitikisa maziwa huku sisi tukianika mtama. Siku hizo askari wa Wajerumani walikuwa wakikamata wanaume wa kuwabebea mizigo ya vita, na waliorudi walikuwa wachache.

Kaka yangu alikuja na neno kutoka shuleni: dunia haijasimama, inakwenda.

"Ingekwenda tungeona," baba alimkatalia. "Kinachokwenda huhama. Tazama lile vumbi kwenye pengo la vilima. Tangu tupande hapa lipo palepale. Nalo utaniambia linakwenda?"

Baba akacheka, maana alipenda mno kushinda ubishi.

Bibi aliacha kutikisa kibuyu. Enzi za usichana wake alikuwa akikaa juu ya paa kama lile, kuangalia kama wavamizi wa ng'ombe wanakuja.

"Mwanangu, kinachopita kando ndicho kinachohama," alisema. "Kinachokujia wewe hakihami. Kinakua tu."

Sote tukaligeukia vumbi. Lilikuwa limeziba pengo lote.

Baba akashuka upande wa porini, akaniagiza nimletee viatu vyake.