Fundi Lifti na Bawabu wa Intaneti

Shemeji yangu ni mfupi, tena mfupi haswa, lakini mtaa mzima unamwita Ghorofa. Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi lifti, akishinda ndani ya mashimo ya majengo marefu na mfuko wake wa spana, mpaka alipostaafu mwaka juzi akarudi kukaa kwenye nyumba isiyo na ngazi hata moja. Mimi ni mdogo wa mke wake. Nilikuja kwao kwa wiki mbili tu huku nikitafuta chumba. Huu ni mwaka wa tatu na chumba bado nakitafuta, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa sikusimuliwa na mtu.

Ghorofa hana haraka. Anaamini kwamba kitu kilichoharibika husema kweli, na kwamba waongo ni watu waliokizunguka. Mwambie pasi imekufa, atakuuliza nani aliishika mwisho. Ukijibu kwamba imekufa yenyewe, atakutazama kwa huruma, kama daktari anayetazama mtu aliyeficha ugonjwa. Wapwa wangu, mapacha wawili wa kike wanaosoma sekondari, wameshajifunza kukiri makosa kabla hawajaulizwa.

Dada yangu ni mkalimani wa lugha ya alama. Mwaka huu alipata kazi aliyoiota tangu utotoni: daktari yuko hospitali ya mbali na mgonjwa wake kiziwi, dada yuko nyumbani kwenye kile chumba kidogo tulichokuwa tukipigia pasi, na mikono yake inaonekana kwenye skrini mbele ya mgonjwa. Kampuni iliyomwajiri ilimpa miezi mitatu ya majaribio na masharti mawili. La kwanza, kompyuta yake isichanganyike mtandao na simu na televisheni za nyumbani, kwa sababu siri za wagonjwa hazina mchezo. La pili, mawasiliano yakikatika mara tatu kwa kosa la upande wake, asitegemee mkataba.

Hapo ndipo Ghorofa alipopata kazi ya uzeeni. Alikaa siku nne akisoma, miwani puani, kisha akatutangazia mezani kwamba nyumba inahitaji faiwoli.

"Ndiyo nini hiyo?" nikamuuliza.

"Bawabu, shem. Anakaa mlangoni, kati ya intaneti na sisi. Anajua nani aingie, nani asiingie, na chumba cha dada yako anakifungia mlango wake peke yake. Hao mapacha na video zao wanabaki sebuleni."

"Si kuna vya kununua vilivyokwisha tengenezwa?"

"Vipo," alisema. "Na lifti zilizokwisha tengenezwa zipo. Zikikwama nani anaitwa?"

Nilimsindikiza duka la kompyuta kuukuu, na sitarudia. Muuzaji alimletea boksi jipya linalometameta lenye taa za rangi tatu. Ghorofa akaligeuza, akatazama mgongoni, akalirudisha. Lilikuwa na tundu moja tu la waya wa mtandao. "Mlango mmoja wa kuingilia na kutokea," alisema, "hiyo ni stoo." Akaletewa kompyuta kubwa ya ofisini, akaiwasha, akasikiliza feni yake, akatikisa kichwa. Yule anayemtafsiria daktari lazima amsikie daktari, si upepo. Baada ya saa nzima, na chai ya muuzaji mwenyewe, alichagua kikompyuta kisicho na feni, kipana kama kitabu cha risiti, chenye nafasi ya kuongeza kadi ya pili ya mtandao. Kilikuwa kimekwaruzwa, halafu adapta yake ya umeme ilikuwa imepotea. Muuzaji akasema atatafuta nyingine.

"Usisumbuke," Ghorofa alisema, akatabasamu kama bwana harusi. "Umeme ninao."

Umeme aliokuwa nao ulikuwa kiboksi cha chuma chenye uzito wa tofali, cha kutolea volti kumi na mbili. Kilitoka kwenye lifti ya kwanza aliyofunga akiwa kijana. Kilikuwa kikiwasha taa ya dharura na ile simu ya mle ndani. Jengo lilipobadilisha lifti, wenzake walikifungua, wakakisafisha, wakamkabidhi siku ya kumuaga. Miaka ishirini na sita kwenye shimo la lifti, vumbi na joto, na hakikuzima hata siku moja. Alikiunganisha na bawabu wetu, taa ya kijani ikawaka, na nyumba nzima tukapiga makofi.

Wiki tatu mambo yalikwenda murua. Mapacha walilalamika kwamba kuna kurasa hazifunguki, Ghorofa akafurahi sana. Kisha, Jumanne moja asubuhi, dada alitoka chumbani ameshika kichwa. Picha ilikuwa imeganda katikati ya maelezo ya dawa. Bawabu alikuwa amejizima na kujiwasha mwenyewe, na kabla hajamaliza, hospitali walikuwa wamekata.

"Moja," alisema dada.

Ghorofa alitoa daftari. Kwenye kazi ya lifti, hitilafu huandikwa kabla ya kuguswa, na yeye hajaacha. Akaandika juu ya ukurasa: WATUHUMIWA. Chini yake akawapanga kwa mstari: kadi ya mtandao, memori, diski, joto, waya, programu. Kanuni yake ni kubadilisha kitu kimoja, kisha kusubiri. Ukibadilisha viwili kwa pamoja ukapona, hujui ni kipi kilikuwa kinakuumiza.

Alianza na kadi, maana ile aliyopewa ilikuwa ya bei ya kutupa na jina la kiwanda limeandikwa kwa herufi zilizopinda. Akaweka nyingine ya kuaminika. Siku tano kimya. Akaikata kadi kwa mstari kwenye daftari huku anapiga mluzi. Siku ya sita, dada akiwa kazini, bawabu akajizima tena.

Safari hii dada hakusema "mbili". Alikaa kwenye kiti cha jikoni akaanza kulia, na mimi nilijua analilia nini.

Mama yetu alikuwa kiziwi. Dada alipokuwa na miaka kumi alimpeleka hospitali, akasimama kati yake na daktari. Daktari alisema neno ambalo dada hakulijua hata kwa mdomo, seuze kwa mikono. Mtoto afanyeje? Akamwambia mama, "Utapona." Mama akatabasamu, akamshukuru daktari, wakarudi nyumbani. Hakuuliza hata swali moja, na mama yetu alikuwa mtu wa maswali. Hakupona. Dada anafanya kazi hii kwa sababu ya ile "utapona", na kila picha ikiganda yeye anarudi kuwa na miaka kumi.

"Lichomoe hilo boksi," aliniambia mimi, wala si Ghorofa.

"Akilichomoa umevunja sharti la kwanza," mumewe alijibu taratibu.

"Na nikiliacha navunja la pili. Alhamisi saa nne nina mgonjwa. Ghorofa, nakuomba."

Mke akimwita mumewe jina la mtaani, maji yamefika shingoni. Ilikuwa Jumatatu.

Jumatatu hiyo hiyo alijaribu memori, moja baada ya nyingine. Safi. Jumanne alijaribu diski. Safi. Aliweka kidole juu ya boksi kila nusu saa akaandika joto lake, kama nesi. Alibadilisha waya zote, kisha akapakia programu upya. Na kila alipojaribu, bawabu alikaa kimya mlangoni bila kosa lolote, mkaidi kama mtoto anayejidai hajui kusoma mbele ya wageni. Jumatano asubuhi nilimkuta mezani na watuhumiwa wote wamefutwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alionekana mzee.

"Shem, nimefika mwisho," alisema. "Labda kweli kuna vitu vinakufa vyenyewe."

Kusikia Ghorofa anasema hivyo kuliniuma, nikavuta daftari. Kazi yangu ni kusoma chapa za mwisho kwenye kiwanda cha uchapaji. Wengine wanatafuta neno lililokosewa, mimi hutafuta lile lisilokuwepo, kwa sababu hilo ndilo linalotoroka. Nikasoma orodha kutoka juu hadi chini. Nikatazama bawabu. Nikafuata kwa kidole kila kilichochomekwa ndani yake, nikilinganisha na karatasi, mpaka nikafika kwenye kile kiboksi cha chuma.

"Huyu mbona hayumo?"

"Yupi?"

"Huyu mzee wa lifti."

Alicheka. "Huyo hana kosa. Nilishampima kwa mita, volti kumi na mbili kamili."

"Ulimpima lini?"

"Siku ya kwanza."

"Akiwa anafanya nini?"

Akakigeukia kiboksi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Akiwa amekaa, hana mzigo."

Sijui umeme, lakini akipenda, chongo huita kengeza, hilo nalijua. Nilimwambia hivyo, tena kwa ukali. Nikamwambia kwamba ingekuwa mimi ndiye niliyeleta kile chuma ndani ya nyumba, kingeandikwa juu kabisa kwa wino mwekundu. Alikunja uso, nikadhani nimeharibu ushemeji. Halafu akainuka akachukua mita.

Tukampa bawabu kazi. Dada alifungua njia ya siri inayounganisha kompyuta yake na kampuni, ambayo inamtoa bawabu jasho kwa sababu kila picha lazima aifunge isisomeke na wengine kabla ya kuitoa. Mimi nikafungua video kwenye simu yangu, na televisheni nayo. Ghorofa alishika ncha mbili za mita pale umeme unapoingilia. Kumi na mbili. Kumi na moja na nusu. Kumi na moja. Kumi nukta nne, na taa ya kijani ikazimika mbele ya macho yetu.

Ghorofa akaweka mita chini. Akafungua skrubu nne za kile kiboksi. Ndani, zile kapasita, vikopo vidogo vinavyotuliza umeme, vilikuwa vimevimba vichwa, na kimoja kilikuwa kimetoa uchafu wa kahawia. Mzee wa watu alikuwa anaweza kukaa, na kuwasha taa moja na simu moja, lakini mzigo huu hakuumbiwa, na umri ulikuwa umekwenda.

"Nilimwandika kila mtu isipokuwa rafiki yangu," Ghorofa alisema. Kisha akamgeukia dada, mbele yangu, bila kutafuna maneno: "Mke wangu, nilikukosea. Siku ya kwanza ningempima akiwa na mzigo, usingelia."

Dada alimfuta vumbi la chuma kidevuni kwa kiganja. "Nenda kanunue adapta, bwana. Utajilaumu ukirudi."

Alirudi na adapta ya plastiki, nyepesi, mbaya kwa sura, yenye nguvu mara mbili ya zilizohitajika. Mchana kutwa tulimbebesha bawabu kila kitu tulichokuwa nacho. Mapacha walipotoka shule waliamriwa kutazama video kwa wingi, siku ambayo hawataisahau. Mita ilibaki kwenye kumi na mbili.

Alhamisi saa nne kasoro tano dada alifunga mlango. Nilikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo nilikaa koridoni na Ghorofa, yeye kwenye stuli, macho kwenye taa ya kijani. Mlango wa chumba kile una kioo cha ukungu, na kivuli cha mikono ya dada kikaanza kucheza juu yake. Mimi nimelelewa na mikono kama ile. Ningeweza kukisoma kivuli, si chote, lakini cha kutosha. Nikageuza kiti changu, nikamtazama shemeji.

Dakika ishirini. Arobaini. Saa ikapita. Kuna wakati kimya kilikuwa kirefu, nikamwona Ghorofa anapeleka mkono kwenye boksi kisha anaurudisha bila kugusa. Taa haikupepesa.

Mlango ulifunguliwa saa tano na robo. Macho ya dada yalikuwa mekundu na alikuwa akitabasamu, na sikujua nianze na kipi.

"Ilikatika?" Ghorofa aliuliza. Ndilo swali pekee analoruhusiwa.

"Haikukatika."

Akashusha pumzi. Dada alijishikilia kwenye fremu ya mlango kama mtu aliyetembea mbali.

"Siwezi kuwaambia ni nani wala anaumwa nini," alisema. "Ila aliuliza maswali. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Daktari alitaka kuondoka, akamrudisha kwenye kiti. Aliuliza mpaka akatosheka."

Nilielekeza uso ukutani nikalia kwa furaha, wala sikuona haya.