Viatu vya Golikipa wa Tottenham

Nilipoambiwa amefariki, kitu cha kwanza nilichouliza ni viatu vyake atapewa nani. Nasema mapema kwa sababu Mama husoma safu hii kabla yenu, na angenikumbusha mwenyewe kama ningejifanya nilianza kwa inna lillahi. Alikuwa amesimama jikoni kwetu Ilford, simu begani, mwiko mkononi. "Yule mwenzako wa Tottenham hatunaye tena," akasema. Nami, uso ungali kwenye bakuli la uji, nikauliza swali langu la viatu. Mama hakunipiga. Alizima jiko wali haujaiva, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Ningependelea kofi.

Mliozoea kucheka nami kwenye ukurasa huu, leo nivumilieni. Marehemu alikuwa na miaka kumi na tisa, kijana wa Kikenya. Mama yake na wangu wanafanya kazi pamoja ya kutunza wazee. Maradhi yalimchukua haraka, kabla hatujamaliza kuulizana anaumwa nini. Alikuwa golikipa wa timu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni, na mimi golikipa wa akiba, maana yake mtu anayepanda treni asubuhi na mapema kwenda kukaa kwenye benchi la baridi. Mkiuliza watoto wa Waswahili waliingiaje barafuni, jibu ni kwamba kulikuwa na mafunzo ya bure wakati wa likizo, na mama zetu hawajawahi kukataa cha bure. Nyumbani kwetu jamaa huyu hakuwa na jina. Aliitwa "mwenzako". Mwenzako amepata nafasi chuo kikuu. Mwenzako anamwamkia kila mtu kwenye lifti. Ni neno la upendo, najua, lakini likitoka kwenye kinywa cha mama anayekuangalia toka juu hadi chini, huyo hawi mwenzako tena. Anakuwa rula ya kukupimia.

Siku Mama alipokubali kuninunulia viatu vyangu vya barafu, alimwomba rula aje dukani atusaidie kuchagua. Viatu vya golikipa ni vya peke yake: vifupi kwenye kifundo ili upate kukunja magoti, chuma cha chini kimenyooka, na mbele kuna gamba gumu, kwa kuwa paki, kile kisahani cha mpira mgumu wanachokipiga kwa magongo, ikikukuta kidoleni hutakisahau kidole hicho. Mama alifanya kama anavyofanya kila Idi inapokaribia. Alibonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akakuta pana nafasi, akaridhika.

"Vikubwa kidogo. Utavikulia."

Marehemu akacheka, akapiga goti sakafuni mbele yangu. "Aunty, hizi si za kukua nazo," akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe, gonga kisigino nyuma. Sasa simama. Vidole zinagusa mbele?"

"Havigusi kitu. Vimo uwanjani peke yao."

"Kunja magoti."

Nikakunja. Akapenyeza kidole chake nyuma ya kisigino changu, kikaingia bila hodi. "Unaona, Aunty? Kisigino inapanda. Viatu ya barafu unashuka namba, hauchukui ile ya shule. Ukisimama, vidole ziguse kidogo tu. Ukikunja magoti, zirudi nyuma. Na soksi ni moja, nyembamba. Akivaa hii, atasukuma aende kulia, kiatu itaenda, yeye atabaki."

"Msikilize mwenzako," Mama akaniambia.

Angesema "msikilize" akaishia hapo, ningesikiliza. Nilikwisha kuona kwamba jamaa anasema kweli. Mguu wangu wenyewe ulikuwa umeniambia. Lakini muuzaji wa duka alikuwa anamtazama yeye, Mama alikuwa anamtazama yeye, na miguu ilikuwa yangu. "Mimi naona hivi vikubwa ndivyo vizuri, Mama," nikasema. "Bado nakua." Mama alifurahi sana. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kukubaliana kuhusu viatu.

Kila alichosema marehemu kikawa. Nilisukuma kwenda kulia, kiatu kikaenda, nikabaki. Nilivaa soksi juu ya soksi hadi miguu ikafanana na maandazi, na bado kisigino kilielea. Kocha alinijaribu, akanihurumia, akanirudisha benchi, na kutoka benchini nilikuwa namtazama mwenzangu akiteleza toka mlingoti hadi mlingoti kama mtu aliyezaliwa na vyuma miguuni. Vyake vilipashwa moto kwenye tanuri la dukani, akavivaa vikiwa laini, vikapoa vimeshika umbo la mguu wake. Niliona wivu kwa mambo yake mengi, sauti yake, alama zake za mtihani, hata nywele, lakini viatu vinavyomkumbatia mtu namna ile vilinimaliza. Siku moja aliniona nahangaika, akavua vyake, akanisogezea. "Jaribu basi, usikie vile inafaa kushika." Nikamwambia vinanuka. Akacheka, akavivaa tena.

Nimekuwa nikifikiri kwa nini sisi hununuliwa kila kitu kikubwa. Bleza ya shule iliyonifunika vidole kwa miaka miwili. Koti la baridi linalotutosha mimi na jirani. Babu na bibi waliondoka Unguja baada ya mapinduzi na kilichotosha mikono yao, na tangu hapo kwetu nguo haichaguliwi kwa mtu aliyepo bali kwa yule atakayekuja. Hata ndoto ni hivyo hivyo: wananiambia niwe daktari, nami nafunga mkanda ndoto isinivuke kiunoni. Wanafanya kwa mapenzi, na pengine hapa London hawana njia nyingine. Ila kuna vitu havingoji ukue. Kiatu cha golikipa kinauliza mguu wako wa leo una ukubwa gani, basi, na mimi nilishindwa kujibu kwa sababu nilikuwa natazama miguu ya mtu mwingine.

Matangani kwao Tottenham watu walijaa hadi kwenye ngazi. Kwaya iliimba, majirani wa Kituruki walileta chai, kocha alilia mbele za watu. Hata pale nilimwonea wivu. Nikifa mimi watakuja binamu wawili, na mmoja atakuwa amefuata biriani. Mama wa marehemu akanivuta pembeni, akanipa mfuko wenye viatu vya mwanawe. "Hizi chukua wewe. Hapa hakuna mtu wa kuzivaa." Sijui kama Mama alimweleza swali langu. Sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi iliyofuata timu ilikuwa na golikipa mmoja tu, na huyo ni mimi. Nafasi niliyoitaka ilikuwa wazi. Nikavaa soksi moja nyembamba, nikagonga kisigino nyuma, nikasimama. Vidole viligusa kidogo. Nikakunja magoti, vikarudi nyuma. Namba ilikuwa yangu kabisa. Lakini pale kifundoni palikuwa na shimo la mfupa wake, na mfupa wangu upo juu zaidi, ukawa unasagwa. Nilicheza hadi mapumziko, nikadaka zaidi ya nilivyowahi kudaka, kisha nikatoka nikakaa kwenye korido nikiwa sioni vizuri.

Mama, aliyekuja kutazama mchezo, alinikuta hapo, akachuchumaa mbele yangu, akaanza kulegeza kamba.

"Unalia nini?"

"Vinanibana, Mama. Kifundoni."

Akaushika mguu wangu, akakaa nao kidogo. Watoto wa timu walikuwa wanatoka chumba cha kubadilishia nguo kuja upande wetu. Mama akasogea, akanikinga kwa koti lake.

"Lia tu, mwanangu. Akiuliza mtu, nitasema ni viatu."