Bibi Harusi Asiyeonekana Pichani

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ubalozi mmoja Dar es Salaam. Mbele yangu dirishani alisimama dada wa Mahurunga, kule kwetu Mtwara, akiomba viza ya kumfuata mumewe ughaibuni.

Karani, Mtanzania mwenzetu, aliigeuzageuza picha ya ndoa.

"Cheti nimekiona. Lakini hapa naona wanaume wawili wameshikana mikono. Wewe uko wapi?"

"Huyo mume wangu, huyo baba, ananiozesha." Akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo. "Mimi niko nyuma ya mlango huo."

"Mlango si ushahidi, dada."

"Baba alikuja ndani kuniuliza, nikaridhia."

"Basi baba aje athibitishe."

"Tumeshamzika."

Karani akaisukuma picha chini ya kioo. "Anayefuata!"

Anayefuata nilikuwa mimi. Dada hakusogea. Alikuwa akiufuta ule mlango pichani kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, kama anayeondoa vumbi.

Kwetu, bibi harusi akijitokeza barazani wakati wa nikahi, ataambiwa hana haya. Huyu alikaa ndani kama alivyofunzwa. Leo anaambiwa hakuwepo kwenye ndoa yake.